Mimea ya Majini Hutaka Kipimo



Mwezi huu tumekusudia kuzungumza nanyi khabari ya tangi la samaki, na khasa mimea hai ipandwayo ndani yake. Tunasema juu ya samaki wa maji matamu, yaani maji yasiyo ya chumvi, kwani tangi la maji ya bahari lina elimu yake nyingine.

Siku hizi si jambo geni katika miji yetu kuliona tangi la kioo ukumbini, lina samaki wanne watano wa rangi, na majani ya kijani yakipepea majini. Watoto hulipenda mno, na wazazi hulinunua kwa furaha. Lakini litazame tangi lilo hilo baada ya miezi miwili. Mara nyingi utaona majani yamekuwa manjano na mengine yameoza, kioo kimefunikwa na utando wa kijani, na samaki waliosalia wanatweta juu ya maji. Mwisho wake tangi hutolewa uani likatiwa vyombo vibovu, na yaliyokuwamo yakamwagwa mtaroni.

Sababu ya hasara hiyo mara chache huwa ni uvivu. Mara nyingi ni kupita kiasi. Mtoto kwa mapenzi yake huzidisha chakula cha samaki, huzidisha taa, huongeza samaki wengine, na kila siku hung'oa mmea atazame kama umeshika mizizi. Basi neno tunalotaka likae katika nyoyo zenu ni hili: mmea wa majini hauhitaji vingi, bali huhitaji kila kitu kwa kipimo chake, na kimoja kikipungua, kuzidisha vingine hakuufai kitu, bali huwapa nguvu adui zake.

Kazi ya mmea majini

Yafaa kwanza tujue mmea huu una kazi gani, maana wengi hudhani umewekwa kwa pambo tu.

Mwaka 1771 mtaalamu mmoja wa Kiingereza, Joseph Priestley, aliweka kijiti cha mnanaa katika chombo kilichofunikwa, ambacho hewa yake ilikuwa imeharibiwa kwa kuwakia mshumaa hata ukazimika. Baada ya siku kadhaa aliona mshumaa waweza kuwaka tena katika hewa ile. Mmea umeitengeneza hewa iliyoharibika! Kisha mwaka 1779 tabibu wa Kiholanzi, Jan Ingenhousz, aliyekuwa akifanya majaribio yake Uingereza, alizamisha majani mabichi ndani ya maji akayaweka juani. Akaona vipovu vidogo vidogo vinatoka katika majani. Alipoyaweka gizani, vipovu vikakoma. Ndipo ilipojulikana kwamba mmea haufanyi kazi hiyo ila kwa nuru, na kwamba wakati wa giza nao huvuta hewa kama sisi tuvutavyo.

Mwaka 1850 mwanakemia wa London, Robert Warington, alitangaza jaribio lake la kuwaweka samaki wawili wadogo wa dhahabu katika chombo cha maji yapatayo lita 50, pamoja na mmea uitwao valisneria, ambao majani yake ni marefu kama utepe. Mambo yalikwenda vizuri mpaka majani makuukuu yalipoanza kuoza na kuyachafua maji. Warington hakuyamwaga maji yake wala hakuukata tamaa mradi wake. Alitia konokono wachache wa majini, nao wakawa wanakula yale yaliyooza. Hapo chombo chake kikatulia: samaki wakitoa uchafu na hewa ya kaboni, mmea ukivila hivyo na kutoa hewa safi ya oksijeni, na konokono wakifagia yaliyobaki.

Tazameni, basi. Mmea ndani ya tangi ni kama mtumishi wa nyumba aliye amini. Mchana huwapa samaki hewa, na kila saa hunyonya ile amonia itokayo katika mavi yao na katika chakula kilichooza, ambayo ni sumu kwao. Mtumishi huyo akifa na kuoza humo humo, yeye mwenyewe huwa ndiye mwenye kuichafua nyumba.

Mambo manne yautakayo mmea

Kijana mmoja wa chuoni alinijia akasema, "Maalim, taa ya tangi langu naiwasha mchana kucha na usiku kucha, na mbolea naitia kila siku. Mbona majani yanakufa, na ule utando wa kijani ndio unaostawi?"

Nikamwambia, "Mwanangu, mpishi mwenye unga wa kibaba kimoja akitia hamira ya vibaba kumi, je, atapata maandazi mengi zaidi?"

Akasema, "La, Maalim, ataharibu hata kile kibaba alichonacho."

Nikamwambia, "Basi ndiyo khabari ya tangi lako."

Mmea hutaka mambo manne: nuru, hewa ya kaboni, chakula kilichoyeyuka majini, na mahala pa kujishika. Katika karne ya 19 wataalamu wa Kijerumani, Carl Sprengel na baadaye Justus von Liebig, waliifundisha dunia kanuni ambayo wakulima huitumia hata leo, kwamba ukuaji wa mmea hufungwa na kile kilicho kichache kuliko vyote katika mahitaji yake, wala haufunguliwi na kile kilicho kingi.

Sasa katika tangi la nyumbani, kilicho kichache mara nyingi ni hewa ya kaboni. Hewa hiyo hupenya katika maji yaliyotulia polepole kiasi cha mara 10,000 kuliko inavyopenya hewani. Kwa hiyo jani lililozama laweza kuwa na njaa ilhali chakula chake kipo karibu, lakini hakijalifikia. Ukiliongezea nuru jani hilo, huwezi kulifanya lijenge bila ya matofali. Lakini mwani, yaani ule utando wa kijani, ambao huridhika na kidogo, utaitwaa nuru ile yote na kutambaa juu ya kioo, juu ya mawe, na juu ya majani yenyewe mpaka uyafunike yasione nuru.

Wako watu watiao hewa ya kaboni kwa mtungi wa gesi. Hiyo ni kazi ya wajuzi wenye vyombo vya kupimia, kwani ikizidi huwaua samaki, na sisi hatuishauri kwa nyumba yenye watoto wanaoanza. Njia iliyo salama ni kuchagua mimea isiyo na haraka, kuipa nuru ya wastani, na kuyafanya maji yatembee taratibu kwa pampu ndogo, ili hewa iyafikie majani yote.

Kulitayarisha tangi

Liwekeni tangi mahala pasipopigwa na jua la mchana. Jua la pwani likipita katika kioo huyapasha maji moto na kuuzalisha mwani upesi. Tena maji ya moto hayashiki oksijeni sawa na maji ya baridi: lita moja ya maji yenye joto la digrii 20 huweza kushika oksijeni ipatayo miligramu 9, lakini ifikapo digrii 30 hushika miligramu 7 na nusu tu. Nyumba zetu za pwani zina joto hilo miezi mingi, kwa hiyo samaki wetu hawana akiba kubwa ya kuchezea.

Mchanga uwe wa mtoni, wa chembe nene kidogo, uoshwe mpaka maji yake yatoke safi, kisha utandazwe kwa kina cha sentimita 5 hivi. Msitie mchanga wa baharini, maana una chumvi na vipande vya makombe na matumbawe, navyo huyeyusha chokaa majini na kuyafanya magumu, na mimea mingi haiipendi hali hiyo. Maji ya kisima yaonjwe kwanza: kisima chenye ladha ya chumvi hakifai. Maji ya mfereji yaliyotiwa dawa ya klorini yawekwe katika ndoo iliyo wazi usiku na mchana, au yatiwe dawa ya kuiondoa iuzwayo katika maduka ya samaki.

Kisha jambo ambalo vijana huona zito: subirini kabla ya kuwajaza samaki. Katika tangi jipya hamna bado bakteria wale wenye kuigeuza amonia iwe nitriti, kisha nitriti iwe nitrati isiyo na madhara makubwa. Jamii hiyo ya vijidudu huchukua kiasi cha wiki 4 hata 6 kujijenga. Pandeni mimea kwanza, na baadaye tieni samaki wawili watatu wadogo, wengine wafuate kidogo kidogo.

Mimea iwafaayo wanaoanza

Wa kwanza ni valisneria, ule ule wa Warington, ambao jamaa zake huota pia katika maji ya Ziwa Tanganyika. Hupandwa mchangani, mizizi ikafukiwa, lakini kile kichwa cheupe majani yanapoanzia kiachwe juu ya mchanga, kwani kikifukiwa huoza. Ukipendezwa na mahala, hutoa vikonyo vya kutambaa na kuzaa watoto kando yake.

Wa pili ni anubia, ambao asili yake ni mito na vijito vya Afrika Magharibi na Afrika ya Kati, kama vile nchi ya Kameruni. Majani yake ni mazito na ya kijani kibivu, naye hukua polepole sana na kuridhika na nuru ndogo. Huo haupandwi mchangani. Ufungwe kwa uzi juu ya jiwe au kipande cha mti, kwa sababu lile shina lake nene lililolala likifukiwa huoza, na mmea wote ukafa. Kangaga la Java, litokalo Asia ya Kusini Mashariki, nalo hufungwa vivyo hivyo.

Wa tatu ni seratofilo, mmea wenye majani membamba kama mkia wa paka, upatikanao karibu duniani kote. Hauna mizizi hata kidogo; huelea tu. Hukua upesi, na kwa kukua kwake hunyonya amonia na nitrati kwa wingi, hata mwani ukakosa chakula. Mwenye tangi jipya asiukose mmea huu.

Wa nne ni kriptokorini, utokao Sri Lanka na nchi za kusini mwa Asia. Tunautaja kwa sababu ya tabia yake ya ajabu. Ukihamishwa, huweza kuangusha majani yake yote kwa siku chache, yakayeyuka kama sabuni. Mwenye pupa huung'oa akautupa, ilhali mizizi yake i hai mchangani. Mwenye subira huondoa majani yaliyooza tu, akauacha papo hapo, na baada ya wiki chache huona vichipukizi vipya.

Na kwa hakika, jambo hili haliwahusu kriptokorini peke yao. Mimea mingi iuzwayo madukani hukuzwa mashambani mizizi ikiwa majini na majani yakiwa hewani, maana huko hukua upesi zaidi. Majani yaliyozoea hewa hayawezi kazi ya majini. Ukiuzamisha mmea huo, majani yake ya zamani hufa, na mmea hutumia nguvu zake kutoa majani mengine yaliyo membamba na laini, yanayofaa maji. Kwa hiyo mwezi wa kwanza msilitazame jani kuukuu linalokufa, bali litazameni jani changa linalotoka. Changa likiwa zima, mmea u salama. Wala msiung'oe kuutazama mizizi, kwani kila mara mnapoung'oa mnavikata vile vizizi vyembamba vilivyoanza kushika.

Nuru, chakula, na alama za njaa

Taa iwashwe kwa saa zisizobadilika. Kwa tangi jipya saa 6 zatosha, na mimea ikishatulia iongezwe mpaka saa 8, kama kutoka saa 3 asubuhi hata saa 11 jioni. Kuna kifaa kidogo cha saa kinachowasha na kuzima taa chenyewe, na bei yake ni ndogo kuliko ya mimea itakayokufa kwa usahaulifu wetu.

Samaki wapewe chakula mara moja kwa siku, kile watakachokimaliza kwa dakika 2. Katika mabaki ya chakula hicho mmea hupata nitrojeni na fosforasi. Lakini potasiamu na chuma aghalabu hupungua, na hapo ndipo itakapo mbolea ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi. Anzeni kwa nusu ya kipimo kilichoandikwa juu ya chupa. Mbolea ya shambani, kama urea, na samadi ya ng'ombe au kuku, zisitiwe kamwe, kwani hugeuka amonia na kuwaua samaki.

Mmea wenyewe hausemi, lakini huonyesha. Majani ya chini, yaliyo ya zamani, yakigeuka manjano yote, huenda umepungukiwa nitrojeni, maana mmea huiondoa katika majani ya zamani ukawapa wachanga, kama mzazi amegeaye mtoto tonge lake. Majani ya zamani yakitoboka vitundu vidogo vyenye ukingo wa manjano, dhania potasiamu. Na yakiwa ni machanga ndiyo yanayotoka meupe au manjano, hali ya zamani ni ya kijani, dhania chuma, kwa sababu chuma kikishaingia katika jani hakitoki tena kwenda kwa jingine.

Ukiona alama mojawapo, badili jambo moja tu, kisha ngoja wiki 2. Abadilishaye matatu kwa siku moja hatajua ni lipi lililoponya wala ni lipi lililodhuru.

Na mwani ukizidi, msikimbilie dawa. Ufuteni kioo kwa kitambaa kisicho na sabuni, yakateni majani yaliyofunikwa, punguzeni taa kwa saa 1, punguzeni chakula, na ongezeni seratofilo. Kila wiki toeni robo ya maji na kutia mapya. Maji yaliyotolewa msiyamwage bure. Yana chakula cha mimea ndani yake, na mchicha na mawaridi ya uani yatayafurahia.

Jicho la alfajiri

Tumesema kwamba gizani mmea nao huvuta oksijeni. Basi usiku kucha samaki, mimea na bakteria wote hugawana oksijeni iliyobaki mchana, na saa yake ya kupungua kabisa ni kabla ya mapambazuko. Wengi hawaijui khatari hii, kwa sababu hulitazama tangi mchana tu, wakati mimea inapotoa hewa.

Aliyeamka kwa sala ya alfajiri anayo fursa. Alitupie tangi jicho kabla ya kuwasha taa yake. Akiwaona samaki wametulia katikati ya maji, mambo ni salama. Akiwaona wamekusanyika juu, midomo ikichota uso wa maji, ajue hewa imekwisha. Aitie pampu inayotikisa uso wa maji usiku, apunguze samaki, aondoe majani yaliyooza na mabaki ya chakula. Kuwaongezea samaki mimea si dawa ya saa hiyo, maana gizani mimea ni walaji pamoja nao.

Khatari ya madimbwi

Yako mambo mawili tunayotaka wazazi wayashike khasa, kwani madhara yake huvuka mipaka ya tangi.

La kwanza ni mahala pa kuitoa mimea. Vijana wengi, kwa kuwa mimea ya dukani ni ghali, huenda kuing'oa katika madimbwi na mabonde ya mpunga. Na huko ndiko waliko konokono wabebao kichocho. Huku pwani na katika visiwa vya Unguja na Pemba kichocho cha mkojo bado hakijaisha, na katika nchi za maziwa kipo kile cha matumbo. Vijidudu vyake hutoka katika konokono, vikaogelea majini, vikapenya ngozi ya mtu bila ya kumuumiza. Mtoto asimamaye dimbwini nusu saa akichuma majani yaweza kuwa ameichuma na maradhi.

Konokono wa Warington walikuwa na kazi nzuri katika chombo chake, lakini huo haukuwa ruhusa ya kuokota konokono wowote katika maji yetu. Ni bora kupata kipande cha mmea kutoka katika tangi la rafiki, kwani mimea hii huongezeka, na mwenye tangi lililostawi huwa na cha kutoa kila mwezi. Hiyo ni sadaka isiyompunguzia kitu. Na mmea mpya, hata wa dukani, uoshwe, utazamwe chini ya majani kama una mayai ya konokono yaliyo kama ute, kisha ukae peke yake katika ndoo kwa wiki kadhaa kabla ya kutiwa tangini. Ndoo hiyo ifunikwe kwa kitambaa chembamba, na maji yake yabadilishwe kila siku 3, isije ikawa kitalu cha mbu.

La pili ni mahala pa kuitupa. Mimea ikizidi, au tangi likichosha, msimwage yaliyomo mtaroni wala mtoni. Kumbukeni magugu maji. Asili yake ni Amerika ya Kusini, nayo yalisambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wa maua yake ya zambarau. Katika miaka ya 1990 yalilifunika Ziwa Victoria sehemu kubwa za pwani yake, hata boti zikashindwa kufika bandarini Kisumu, wavuvi wakafungiwa njia ya kwenda kutega, na mitambo ya umeme ya Jinja ikapata taabu. Ilibidi waletwe wadudu maalumu wa kuyala, na hata leo magugu hayo hayajakwisha. Mmea ulio mpole katika kioo huenda ukawa mkali katika ziwa, kwa sababu huko hauna wa kuupunguza.

Basi mimea iliyozidi itandazwe juani mpaka ikauke na kuvunjika mkononi, kisha ifukiwe shambani iwe mbolea. Na samaki asiyetakiwa apewe mwingine mwenye tangi, asitupwe mtoni.

Wazazi, mpeni mtoto kazi hii kwa sehemu. Mmoja awe na chakula, mwingine awe na maji ya kila wiki, na mwingine awe na daftari ya kuandika siku mmea ulipopandwa, taa iliwashwa saa ngapi, na jani jipya lilitoka lini. Daftari hiyo yaweza kuwa mwalimu mzuri kuliko sisi, maana kila nyumba ina maji yake na joto lake, na yaliyoandikwa hapa hayana budi kupimwa kwa jicho la mwenye tangi. Atakayeona jambo tusilolitaja, na atuandikie, tuwape wengine faida yake.

Tukutane mwezi ujao, inshaallah.